Kisumu Hadi Mombasa ni Mwendo Gani?

Ukiwauliza watu wanne ni umbali gani uliopo baina ya uwanja wa ndege wa Kisumu na ule wa Mombasa, aghalabu utapata majibu manne. Wa kwanza, aliye na ramani na rula, atakwambia ni kilomita 700 kasoro kidogo. Wa pili, dereva wa lori, atakwambia ni kilomita 830 hivi, kisha aanze kukutajia matuta na vizuizi vya polisi. Wa tatu, muuza tiketi, hatataja kilomita kabisa. Atakwambia ni saa moja na nusu, au saa mbili kasoro, kutegemea ndege utakayoipanda. Wa nne, aliyewahi kuifunga safari hiyo kwa nauli iliyotoka mfukoni mwake, atakupa jibu la neno moja tu: kutwa. La kustaajabisha ni kwamba hapana hata mmoja kati yao aliyesema uongo.

Kazi yangu ni isimu, wala si urubani, kwa hiyo sina budi kuanza na maneno. Kiswahili kina maneno matatu makuu ya kutajia jambo hili, nayo hayalingani kwa maana. Liko neno umbali, lililotokana na mbali, ambalo ni sifa ya mahali: hapa pako mbali na pale hata kama hakuna kiumbe aliyewahi kutoka hapa akafika pale. Liko neno masafa, tulilolipata kwa Waarabu, ambalo huwafaa zaidi wapima ardhi na mafundi wa redio. Kisha liko neno mwendo, ambalo asili yake ni kitenzi kwenda. Mwendo hauwezi kuwapo pasipo mwendaji. Ukisema kwamba kutoka mahali fulani hadi pengine ni mwendo wa nusu saa, umekwisha kumtia mtu njiani, umemvika viatu, na umelitundika jua juu ya utosi wake. Mzee wa kijijini akuambiapo kwamba aendako ni "mwendo kidogo tu", mgeni na ajihadhari, kwani huo "udogo" umepimwa kwa miguu ya msemaji, si ya msikilizaji.

Upimaji huu wa mwendo si ushamba kama wadhanivyo baadhi ya vijana wetu wasomi. Mnamo mwaka wa 1870, jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha makala marefu ya mmisionari Thomas Wakefield, aliyekuwa akikaa Ribe, nje kidogo ya Mombasa. Wakefield mwenyewe hakuwa amezikanyaga njia alizozieleza. Alizipokea kutoka kwa Sadi bin Ahedi, mfanyabiashara wa misafara aliyetoka pande za Gazi, ambaye alikuwa amezihifadhi kichwani njia za kutoka pwani hadi bara, kituo baada ya kituo, siku baada ya siku. Sadi hakuwa na kilomita wala dira ya Kizungu. Alikuwa na siku za mwendo, mahali pa kupata maji, na mahali pa kulala. Kwa maelezo yake, wachoraji ramani wa Ulaya waliweza kutia alama kwenye karatasi ambazo hadi wakati huo zilikuwa nyeupe pe. Msafiri aliyemsikiliza Sadi alijua jambo ambalo rula haliwezi kumwambia, nalo ni siku atakayofika.

Hebu sasa tuitazame ramani, maana rula nayo ina haki yake. Uwanja wa ndege wa Kisumu, ulio kando ya ziwa, uko karibu mno na mstari wa Ikweta. Uko kusini yake kwa kilomita kama 10 tu. Uwanja wa Mombasa, ambao zamani ulijulikana kwa jina la Port Reitz na sasa unaitwa Moi, uko kusini ya Ikweta kwa digrii 4 na chembe. Ukihesabu kwa upande wa mashariki, Kisumu iko kwenye digrii 34.7 nayo Mombasa kwenye 39.6. Katika ukanda wetu huu, digrii moja, iwe ya kwenda kusini au ya kwenda mashariki, ni kilomita 111 hivi. Basi Mombasa iko kilomita 440 kusini ya Kisumu na kilomita 540 mashariki yake. Mwanafunzi yeyote ambaye hajamsahau Pythagoras ataweza kujimalizia hesabu: zidisha kila tarakimu kwa yenyewe, jumlisha, kisha utafute kipeo cha pili, nawe utapata kilomita 697. Rubani atakutajia maili 376, lakini usibishane naye, kwa kuwa maili yake ni ile ya baharini, yenye mita 1,852, ambayo ni ndefu kuliko ile tuliyozoea kuiona kwenye mawe ya barabarani.

Hapa ndipo pana jambo lililonishangaza nilipolifanyia hesabu mara ya kwanza. Wapo wengi, hasa ndugu zetu wa Nyanza na wa Pwani, walalamikao kwamba kupitishwa Nairobi ni kuzungushwa. Lakini chukua rula hiyo hiyo. Kutoka uwanja wa Kisumu hadi ule wa Jomo Kenyatta ni kilomita 280. Kutoka Jomo Kenyatta hadi Mombasa ni kilomita 423. Jumla yake ni 703. Yaani kutua Nairobi kunaiongezea safari nzima kilomita sita au saba, mwendo ambao mwanafunzi wa kijijini huwa ameumaliza kwa miguu kabla ya kengele ya kwanza kulia. Nairobi haiko kando ya njia. Iko njiani hasa, kana kwamba aliyeijenga aliivuta kamba kutoka baharini hadi ziwani akaiweka juu yake. Na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa, kwani mji ule ulizaliwa na reli iliyokuwa ikielekea ziwani. Kwa hiyo kama safari ya Kisumu na Mombasa ni ndefu, urefu wake hautokani na umbali. Unatokana na kitu kingine.

Linganisha na mahali ambapo malalamiko yana msingi hata kwa rula. Kutoka Wajir hadi Lamu, mstari ulionyooka ni kilomita 450 hivi, pungufu sana kuliko Kisumu na Mombasa. Lakini abiria wa kawaida anayetaka kwenda huko kwa ndege hupitia Nairobi: kilomita kama 500 za kwenda kusini-magharibi, kisha kilomita 465 za kurudi mashariki. Amesafiri zaidi ya mara mbili ya umbali wenyewe. Tena akishuka huko aendako, hajafika Lamu. Ameshuka katika kisiwa cha Manda, na hana budi kupanda mashua avuke mkondo ndipo aukanyage mji. Wahenga wa pwani, waliokuwa mabaharia kabla ya kuwa wahenga, walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika usafiri wetu wa anga ngama ni Nairobi, na kila mtu hurejea humo apende asipende.

Haikuwa hivyo daima. Katika mwaka wa 1883, Joseph Thomson aliondoka pwani mwezi wa Machi na hakuufikia ufuo wa ziwa ila mwezi wa Desemba, ingawa ni haki tukiri kwamba alizungukazunguka sana na mara moja akalazimika kurudi pwani. Reli ilipofika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwaka wa 1901, ilikuwa imechukua miaka mitano na zaidi kujengwa kutoka Mombasa, kwa urefu wa zaidi ya maili 580. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Halafu ikaja ndege, na hapa historia ina kichekesho chake. Mnamo mwaka wa 1937, kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilianza kurusha ndege zake kubwa zenye matumbo ya mashua kutoka Uingereza hadi Durban. Ndege hizo zilitua juu ya maji: ziwani Kisumu, kisha Mombasa, kisha Dar es Salaam na Lindi, zikaendelea kusini. Nairobi haikuwa miongoni mwa vituo hivyo kwa sababu rahisi kabisa: haina ziwa wala bahari ya kutosha kuipokea mashua ya angani. Mwendo wa ndege hizo ulikuwa kama kilomita 260 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeondoka Kisumu aliiona bahari kabla ya saa tatu kutimia. Nataka msomaji alikumbuke jambo hilo tutakapofika kwenye habari za leo.

Baadaye viwanja vya nchi kavu viliboreshwa, ndege za majini zikastaafu, na shirika la East African Airways, lililoundwa mwaka wa 1946, likaifanya Nairobi kuwa kitovu chake. Liliposambaratika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, mrithi wake, Kenya Airways, alirithi kitovu hicho hicho. Kutoka hapo hatujatoka.

Sasa tuje kwenye saa. Ndege za jeti ziendazo safari za ndani huweza kufikia kasi ya kilomita 800 kwa saa na zaidi zikiwa juu. Zile za rafadha, zenye mapanga yanayozunguka, huenda kati ya kilomita 500 na 650. Mtu asiyezoea atagawanya 700 kwa 800 na kusema: haifiki hata saa. Hesabu hiyo ina kasoro, kwani hakuna ndege inayoanza safari yake ikiwa na kasi hiyo. Kwanza hujikokota kutoka ilipoegeshwa hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Kisha hupanda, na kupanda ni kazi. Uwanja wa Mombasa uko mita kama 60 tu juu ya usawa wa bahari, lakini ule wa Kisumu uko kama mita 1,150 na wa Nairobi unazidi mita 1,600. Kadiri uwanja ulivyo juu ndivyo hewa ilivyo nyepesi, na ndivyo ndege inavyohitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Halafu kuna kushuka, kuelekezwa, pengine kuzungushwa angani kusubiri zamu. Yote haya huongeza robo saa hadi dakika 20 katika safari yoyote, ndefu kwa fupi. Ndiyo maana safari mbili fupi daima hula muda zaidi kuliko moja ndefu ya umbali ule ule: gharama ya kupanda na kushuka imelipwa mara mbili. Ndege ya rafadha yenye kasi nzuri ikienda moja kwa moja kutoka Kisumu hadi Mombasa itatumia yapata saa moja na dakika 25 au 30. Wanaosafiri Ulaya wataulizia upepo, kwa kuwa wanajua kwamba kutoka London kwenda New York hutumika kama saa nzima zaidi kuliko kurudi. Kwetu Ikweta pepo za juu hazina ukali huo. Huweza kuongeza au kupunguza dakika kadhaa, basi.

Muuza tiketi akisema saa moja na nusu, basi, anasema kweli. Saa zake huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, na hukoma inapoegeshwa tena. Zinazotangulia na zinazofuata si zake. Lakini ni za nani?

Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Likoni, aliamshwa siku moja alfajiri kwa simu. Ndugu yake, aliyekuwa akiishi Kaloleni, Kisumu, alikuwa amefariki dunia usiku ule. Waislamu hawakawizi maziko. Jirani yangu aliwasiliana na kampuni moja ya ndege akauliza kama ipo nafasi, na safari itachukua muda gani. Aliambiwa nafasi ipo, ndege itaondoka saa tatu na nusu asubuhi, na kwamba muda wa safari, pamoja na kubadilisha ndege Nairobi, ni saa moja na dakika 50. Akampigia simu shemeji yake akamwambia: saa sita mchana nitakuwa nimefika. Watu wa nyumbani wakapanga mazishi baada ya sala ya adhuhuri.

Haya ndiyo yaliyotukia. Aliondoka nyumbani saa moja kamili, akavuka kivuko, akafika uwanjani saa mbili na robo. Ndege ilichelewa nusu saa ikaondoka saa nne. Saa tano alikuwa Nairobi. Ndege ya Kisumu, ambayo tiketi yake alikuwa nayo mkononi tangu asubuhi, ilikuwa ya saa nane. Saa nane ikaondoka, haikuchelewa hata dakika, ikatua Kisumu saa tisa kasoro dakika kumi. Alipoutoa mzigo wake na kupata gari hadi Kaloleni ilikuwa saa tisa na nusu. Wenzake walikuwa wamemngoja hadi adhuhuri ikapita, wakangoja kidogo tena, kisha wazee wakaamua kwamba maiti haiwezi kuwekwa zaidi kwa ajili ya mtu ambaye hakuna ajuaye yuko wapi. Alilikuta kaburi limekwisha kufukiwa na watu wanatawadha kwa ajili ya sala ya alasiri.

Msomaji ahesabu pamoja nami. Saa za ndege zilikuwa moja na dakika 50 barabara, kama alivyoambiwa: saa moja ya kwanza, dakika 50 za pili. Hakudanganywa hata kwa dakika moja. Lakini kutoka mlango wa Likoni hadi mlango wa Kaloleni alitumia saa nane na nusu, na katika hizo, sita na dakika 40 zilipita akiwa ardhini, tatu kati yake akiwa ameketi Nairobi juu ya kiti cha plastiki. Lau angeambiwa tangu alfajiri kwamba atafika baada ya saa tisa, mazishi yangepangwa baada ya alasiri, wala shariati isingepinga, na angemzika nduguye kwa mikono yake. Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba haya ni mambo ya maneno tu. Alichokosa jirani yangu ni neno.

Neno lenyewe si gumu kulipata. Tuna muda wa angani na tuna muda wa safari, na hivi ni vitu viwili mbalimbali. Wa kwanza ni mali ya ndege. Wa pili ni mali ya mtu. Kiswahili kimekwisha kutupa hata sarufi ya kuvitenga. Tunasema "ndege ameruka" tukimkusudia kiumbe mwenye manyoya, na "ndege imeruka" tukikusudia chombo. Sarufi yetu haikubali kumpa chuma upatanisho wa kiumbe hai. Mbona basi tumekubali kumpa msafiri, ambaye ni kiumbe hai, saa za chuma? Kampuni yoyote inayouza tiketi ya safari yenye mapumziko katikati ingepaswa kutaja, kwa mdomo na kwa maandishi, saa ya kuondoka uwanja wa kwanza na saa ya kufika uwanja wa mwisho, kabla ya kutaja kitu kingine chochote. Najua kwamba maelezo hayo yamo kwenye tiketi kwa anayejua kuzisoma tarakimu zake. Lakini mtu aliyeamshwa kwa taarifa ya msiba hasomi tarakimu. Huuliza, na ajibiwe kwa jibu la swali alilouliza.

Kuhusu kurusha ndege moja kwa moja baina ya miji yetu bila ya kupitia Nairobi, sitaki kuwaonea wenye mashirika. Ndege ya abiria 70 haina faida ikiwa na abiria 20, na Nairobi ndiyo ikusanyayo abiria wa kutosha kuwajaza wa Kisumu, wa Eldoret, wa Malindi na wa Mombasa kwa mara moja. Safari za moja kwa moja za Kisumu na Mombasa zimewahi kuwapo katika miaka ya karibuni, ratiba zake zikipanuka na kusinyaa kwa kadiri ya wateja na misimu. Huo ndio uchumi, nami siwezi kuubishia kwa tanakali za sauti. Hata hivyo, nina swali kwa wanaopanga. Mwaka wa 2010 tulipitisha katiba iliyotugawanyia nchi kaunti 47, na tangu mwaka wa 2013 tumekuwa na magavana, mabunge na bajeti katika kila pembe. Tulisema kwamba hatutaki tena kila karatasi ipigwe muhuri Nairobi. Ni kwa nini basi mgonjwa, mfanyabiashara au mfiwa wa Wajir anayekwenda Lamu apigwe muhuri huo kwa mwili wake? Hata kama soko haliruhusu safari ya kila siku, huenda likaruhusu moja au mbili kwa wiki, na kama haliruhusu hata hiyo, basi angalau ratiba za ndege mbili zingeweza kujuana, ya kwanza ifikapo ya pili isiwe imeondoka wala isiwe inangoja saa tatu. Wakoloni, ambao hawakutupenda, waliiunganisha Kisumu na Mombasa kwa chini ya saa tatu mwaka wa 1937, japo ni kwa ajili ya barua zao na mabwana zao.

Limebaki jambo moja dogo kuhusu saa, nalo nalipenda kwa kuwa ni letu. Mswahili huhesabu saa zake kuanzia macheo. Saa moja ni saa moja baada ya jua kuchomoza, na saa kumi na mbili za jioni ndipo mchana unapotuaga. Saa ya serikali ni moja nchini kote, lakini jua halikuwahi kusaini sheria hiyo. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne, na Kisumu na Mombasa zimepishana kwa karibu digrii tano. Kwa hiyo jua huchwea Kisumu dakika 20 hivi baada ya kuchwea Mombasa, na Mombasa wanapofuturu katika mwezi wa Ramadhani, Kisumu bado wamefunga.

Niliwahi kukaa karibu na mzee mmoja katika ndege iliyokuwa ikienda magharibi wakati wa futari. Alikuwa na tende tatu ndani ya kitambaa. Huko chini, upande tuliotoka, giza lilikuwa limekwisha kuingia. Mwenzetu mmoja akatazama saa yake ya mkononi akasema kwamba Mombasa wamekwisha kuadhini. Mzee akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa bado ni duara jekundu juu ya mawingu, kwani aliye juu huliona jua kwa muda mrefu kuliko aliye chini, na ndege nayo ilikuwa ikilifuata. Akazifunga tende zake tena. "Mwanangu," alimwambia, "wale wa Mombasa wameliona likizama. Mimi bado linanitazama." Alikaa hivyo, kitambaa mapajani, hadi tulipoanza kushuka na duara lile likaingia mawinguni, ndipo akapiga bismillahi akaila ya kwanza, akatupa sisi majirani zake zile mbili.